Sura ya Nne: Jino Halina Hatia

Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka milima ya Nguu na kuja kuanzisha utawala wa Wakilindi hapa Usambara katika karne ya 18, alikuwa kigego. Meno yake ya juu yalitangulia ya chini. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mwandishi wa Habari za Wakilindi, analieleza jambo hilo mapema katika kitabu chake, na ana sababu: bila hilo hakuna safari ya Mbegha. Mtoto wa namna hiyo aliaminika kuwa mkosi kwa ukoo, na desturi ilikuwa kumuua. Mbegha aliachwa hai, lakini alipokuwa mtu mzima ndugu zake walimtwisha lawama za misiba ya ukoo na kumnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akapita Kilindi, akapanda milima, akawagawia wenyeji nyama, akaua simba, na mwishowe akakalishwa Vugha kuwa mtawala. Wazao wake waliitawala milima hii, Mlalo ikiwamo.

Naanza na Mbegha kwa sababu meno ya mtoto bado yanashitakiwa huku kwetu. Hakuna anayeua vigego tena, na mtoto anayetanguliza meno ya juu ni mtoto mzima kabisa. Mpangilio wake tu ndio tofauti. Lakini mtoto wa miezi saba akichemka usiku, akiharisha, akikataa kunyonya, neno la kwanza kusikika ndani ya nyumba ni lile lile, iwe Mlalo, Lukozi au chini Mombo: "Anaota meno huyo." Bibi analisema, jirani analisema, na wakati mwingine hata muuzaji wa duka la dawa analisema huku akitafuta chupa ya kumuuzia mama. Neno hilo humtuliza mama, na hapo ndipo hatari inapoanzia, maana mama aliyetulizwa hana haraka ya kwenda zahanati.

Tuanze na jino lenyewe. Haliji kwa ghafla kama linavyoonekana. Vichipukizi vya meno ya utoto huanza kujengeka tumboni, mimba ikiwa na wiki sita hivi, na mtoto anapozaliwa meno yote 20 yako tayari ndani ya taya yakisubiri zamu yao. Watoto wengi hupata la kwanza karibu na mwezi wa sita, mara nyingi moja kati ya yale mawili ya mbele, chini. Wapo wanaoanza wakiwa na miezi minne, na wapo wanaofikisha mwaka wakicheka na ufizi mtupu. Chonge huja baadaye, baina ya miezi 16 na 22 hivi, na mtoto akikaribia miaka mitatu kinywa kimejaa.

Jino linapousukuma ufizi, ufizi huvimba na kuwasha. Udenda humwagika hadi kifua cha gauni kikalowa. Mtoto hujaza vidole mdomoni, hung'ata bega la anayembeba, hujisugua sikio, hulialia, hukataa uji ambao jana aliupenda. Joto la mwili linaweza kupanda kidogo. Mwaka 2000 daktari wa watoto wa Marekani, Michael Macknin, na wenzake walichapisha utafiti ambamo wazazi wa watoto 125 waliandika kila siku joto la mtoto na dalili zake, meno 475 yakitoka. Dalili zilikusanyika katika siku nane kwa kila jino: siku nne kabla halijatokeza, siku yenyewe, na siku tatu baada yake. Udenda ulikuwamo, kung'ata kulikuwamo, na kukosa usingizi kulikuwamo pia. Homa kali haikuwamo. Kuharisha hakukuwamo, wala kutapika, wala kikohozi, wala kukataa vinywaji.

Hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Mtoto anayeota meno anaweza kugoma kula, lakini titi halikatai siku nzima. Akilikataa, kuna kitu kingine.

Kwa nini basi akina bibi, ambao wamelea watoto wengi kuliko daktari yeyote, wanaona jino na homa vikifuatana? Kwa sababu kweli vinafuatana. Katika mwezi wa sita kinga ambayo mama alimpa mtoto tumboni imeshapungua sana, na ya mtoto mwenyewe bado changa. Wakati huo huo anaanza kulishwa uji, ndizi na viazi, na kila kijiko na kila bakuli ni njia mpya ya vijidudu. Wakati huo huo anaanza kukaa, kutambaa, na kuokota vya chini. Na ule muwasho wa ufizi unamfanya atie kinywani alichookota. Homa na kuhara vinamjia mtoto kwa mlango huo, katika miezi ile ile ambayo meno 20 yanatoka moja baada ya jingine, na kwa kuwa jino ndilo linaloonekana, ndilo linalobeba lawama.

Kwa Mlalo kuna jambo moja zaidi. Baridi yetu ni kinga. Watafiti waliopima mbu na malaria kuanzia tambarare hadi vijiji vya juu vya Usambara walikuta maambukizi yakipungua mno kadiri mtu anavyopanda. Kwa hiyo mtoto wa huku juu Mlalo anaweza kufikisha umri wa kuota meno bila kuugua malaria hata mara moja, na mwili wake hauijui. Mama yake anashuka naye Mombo au Korogwe kwenye msiba, wanalala huko wiki nzima, wanarudi, na baada ya siku kumi hivi mtoto anachemka. Hakuna anayeikumbuka safari. Wanamtazama mdomoni, wanaona ufizi umevimba, na wanapoteza siku mbili ambazo mtoto hana za kupoteza. Ukishuka na mtoto tambarare kisha akapata homa, mwambie nesi ulikotoka kabla hajauliza, na uombe kipimo cha malaria.

Kosa hili si la Usambara peke yake. Mwaka 1842, katika jiji la London, karibu mtoto mmoja kati ya kila 20 waliofariki kabla ya kutimiza mwaka aliandikwa kwenye vitabu vya serikali kwamba ameuawa na kuota meno. Madaktari waliosoma vyuo vikuu waliuchana ufizi wa watoto kwa kisu ili jino "lipate njia". Baadaye Waingereza waliuza unga wa meno wenye zebaki, ukawapa watoto maradhi ya kuwashwa, kuwa wekundu mikono na miguu, na kukosa usingizi, na unga huo uliondolewa sokoni mwaka 1954. Karibu na sisi, nchini Nigeria, mwaka 2008 dawa ya maji ya kutuliza meno iliyoitwa My Pikin ilitengenezwa kwa kiambata chenye sumu, na watoto wasiopungua 84 walikufa, figo zao zikiwa zimeharibika. Kila mara mpango ni ule ule: mtoto ana shida ndogo inayopita yenyewe, mtu mzima hawezi kuvumilia kilio, na dawa inayoletwa ni kubwa kuliko shida.

Kwetu Tanzania mashitaka mabaya kuliko yote yameangukia chonge. Tangu miaka ya 1980 madaktari wetu wa meno wameandika juu ya yale yanayoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa. Anapelekwa kwa fundi wa kienyeji, fundi anamfungua mdomo, anaonesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi, mahali chonge zitakapotoka, na kusema hayo ndiyo meno mabaya yanayomuua mtoto. Kisha anayachimbua kwa kisu, kwa msumari uliochongwa, kwa spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni kitu laini, cheupe, chenye kung'aa kidogo, na wazazi wanakiona kwa macho yao. Nani angebisha?

Kitu hicho ni jino la kawaida ambalo halijakomaa. Chonge ya mtoto wa miezi mitano au sita iko chini kidogo tu ya ufizi, imeutunisha ufizi, na bado haijajazwa madini ya kuifanya ngumu. Ndiyo maana ni laini. Watoto wote wa dunia wanayo, wazima na wagonjwa. Ukimfungua mdomo mtoto mwenye afya kuliko wote Mlalo utakuta vivimbe vile vile pande zile zile.

Na mtoto aliyechimbuliwa mara nyingi hupona, jambo linaloipa imani hii nguvu. Kuhara kwingi kwa watoto husababishwa na virusi na huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Fundi anafikiwa siku ya tatu au ya nne, kuhara kunakoma siku ya sita, na sifa zinamwendea fundi. Wale wasiopona hawarudi kumwambia. Wamevuja damu wakati tayari hawana maji mwilini. Wameingiwa na vijidudu kwenye damu au pepopunda. Kifaa kilichotumika kwa mtoto wa jana kimewapa maradhi ya mtoto wa jana. Wanaobaki hai hukua na pengo, na wakati mwingine chonge ya ukubwani, ambayo kichipukizi chake kiko jirani, huota imepinda au haioti kabisa. Kikwilu na Hiza, wataalamu wa meno wa Kitanzania, mwaka 1997 walichapisha matokeo yao kuhusu uchimbuaji huu na kusugua ufizi kwa mitishamba hadi utoke damu. Hayo mawili ni ndugu, na yote mawili yanafungua kidonda kinywani mwa mtoto mgonjwa. Madaktari wa Israeli, Uingereza na nchi za Skandinavia wamekutana na mapengo hayo hayo kwa watoto wa familia zilizohama kutoka upande huu wa Afrika. Imani imesafiri na watu wake, na haikomi kwa kukemewa. Nimeona inakoma pale mama anapooneshwa chonge hiyo hiyo kinywani mwa mtoto mwingine mwenye afya.

Sasa usiku wenyewe. Nimesema kukosa usingizi ni dalili ya kweli ya kuota meno, kwa hiyo siwezi kumwambia mama avumilie tu. Mama wa Mlalo anaamka kabla ya jua kutokeza, anapanda na kushuka milima akienda kwenye kabichi na viazi, mara nyingi na mtoto mgongoni, na mtoto aliyemkeshesha usiku ndiye atakayembeba mchana. Usingizi wa mtoto na wa mama ni kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi minne hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Sehemu nzuri ya saa hizo anaweza kuzipata ndani ya mbeleko, na hakuna ubaya, ilimradi uso wake unaonekana, kidevu hakijabana kifuani na pua haijafunikwa na kitenge.

Kutuliza ufizi hakuhitaji duka. Kidole kilichooshwa kwa sabuni, kucha imekatwa, kikisugua ufizi taratibu kwa dakika mbili, kinafanya kazi kubwa kuliko jeli nyingi zinazouzwa. Baridi nayo inatuliza, na Mlalo tumebarikiwa baridi: maji yaliyochemshwa, yakafunikwa vizuri na kuachwa nje usiku wa Julai, asubuhi yanatosha kuchovya kitambaa safi ambacho mtoto atang'ata ukiwa umekishika upande mmoja. Kitambaa hicho kifuliwe na kuchemshwa kila siku. Kikianguka chini, kibadilishwe.

Karoti ndiyo inayonitia hofu. Zinalimwa pande zote za Lushoto, ni tamu, ni baridi, zinamjaa mtoto mkononi, na ni jambo jepesi sana kumpa agugune. Lakini mtoto mwenye meno mawili ana uwezo wa kukata na hana uwezo wa kusaga, na kipande cha karoti mbichi kina ukubwa wa koo lake hasa. Muwa ni hivyo hivyo, na mfupa wa kuku ni mbaya zaidi. Karoti ichemshwe, ipondwe, iwe chakula. Shanga na hirizi za shingoni zivuliwe anapolala, kwa sababu uzi unaweza kumkaba, na ushanga uliokatika unaishia kooni. Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kupaka ufizi tu. Inaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka ashindwe kupumua. Jeli za kutia ganzi ziachwe. Aspirini iachwe. Panadoli ya maji inafaa usiku ambao mtoto analia kweli kwa maumivu, kwa kipimo kinachofuata uzito wake ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, saa sita zipite baina ya kipimo na kipimo, na isigeuzwe dawa ya usingizi ya kila siku. Ikihitajika zaidi ya siku mbili, huenda shida si jino.

Kulaza mtoto anayeota meno kunaanza jioni, kabla ya kilio. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu mapema, jua halijazama na baridi haijashuka. Mpanguse udenda, kisha mpake mafuta ya mgando kidevuni na shingoni, kwa sababu ngozi iliyolowa hupasuka kwa baridi, na ule mchomo unaamsha mtoto kama jino lenyewe. Mnyonyeshe taa ikiwa hafifu na sauti zimepungua. Usimzoeshe chai yenye sukari kwenye chupa ili alale. Sukari inayobaki kinywani usiku kucha inaanza kulioza jino siku linapotokeza, na chai inamnyang'anya damu anayohitaji. Titi la usiku halina kosa. Akikung'ata, usimvute kwa nguvu: ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake ili aachie, mwambie hapana kwa sauti ya upole, tulia kidogo, kisha mrudishe. Mara nyingi mtoto hung'ata akiwa amekwisha shiba.

Akiamka usiku wa manane, si lazima awe mama tu anayeinuka. Baba ana kifua cha joto na bega la kung'atwa. Mtoto aliyenyonya akashiba anaweza kubembelezwa na yeyote anayempenda, na nyumba ambayo baba na bibi wanapokezana zamu kwa zile siku nane, mama hafiki shambani akiyumba.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Najua Juni hadi Agosti huku kwetu, najua ukungu unavyoingia hadi kitandani, na najua mtoto anayelialia anafanya mtu atake kupasha chumba moto. Lakini mkaa unapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayolaza watu wasiamke. Mtoto mdogo huzidiwa mapema. Usingizi wa ghafla wa mtoto aliyekuwa akilia, chumba kikiwa na jiko, si dalili ya meno kupoa. Mvishe sweta na soksi, nguo mbili tatu nyepesi badala ya blanketi zito, mlaze chali, uso wazi, ndani ya chandarua, mbali na ukuta wenye unyevu.

Yapo mambo ambayo hayangoji asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi aende kituo cha afya saa ile ile. Mkubwa zaidi mwenye homa inayofika nyuzi 39, au homa ya aina yoyote inayozidi siku moja, aende. Degedege, kupumua haraka au mbavu kuingia ndani, kukataa titi, macho kudidimia, kinyesi chenye damu, kulegea asiweze kuamshwa: mwenye lolote kati ya hayo aende, na boda ikodiwe usiku huo huo. Anayeharisha aanze kupewa maji ya ORS njiani, kijiko kwa kijiko, na aendelee kunyonya.

Kadi ya kliniki itakuita mtoto akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela, na tena akiwa na miezi 18, wakati chonge ziko njiani. Siku hizo mwombe nesi amfungue mtoto mdomo mbele yako na akuoneshe kwa kidole meno yalipo chini ya ufizi. Mchukue na bibi yake, akaone kwa macho yake mwenyewe.